Machungwa ya Kwale, Makadamia ya Embu

Kidato cha Pili cha mwaka 2025 kilikuwa cha mwisho nchini Kenya kusoma chini ya mfumo wa 8-4-4. Watoto hao ndio waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, ndio watakaofanya KCSE ya mwisho mwaka 2027, na nyuma yao hakuna mtu. Wadogo zao wamepitia njia ya umilisi na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kwa sisi walimu wa hisabati, maana yake ni kwamba mada fulani, kwa mpangilio tuliouzoea, zilifundishwa mwaka ule kisha zikafungwa. Eneo la uso wa maumbo, halafu ujazo wake: mche, piramidi, koni, na mwisho kabisa tufe, ambalo kwa desturi hufundishwa mbio kwa sababu ratiba imebana na mtihani unabisha hodi.

Binti mmoja aliyefanya mazoezi ya ualimu chini yangu Kwale, ambaye sasa anafundisha shule ya kutwa karibu na Runyenjes, Kaunti ya Embu, alinipigia simu. "Mwalimu, mwaka huu tufe silifundishi mbio. Nimetenga vipindi viwili vya mfululizo. Njoo, na uje na machungwa."

Nimefundisha hesabu hadi nikastaafu. Nairobi nimefika sana, hasa kusahihisha karatasi za KCSE, lakini kupita Makutano na kuingia upande wa mashariki wa Mlima Kenya sikuwahi. Embu na Meru kwangu zilikuwa ni majani tu: miraa inayoshuka Mombasa kila siku, na muguka, ambao Mei 2024 ulizua zogo kubwa Mombasa na Kilifi zilipotangaza kuupiga marufuku. Basi nikapanda SGR Miritini na kiroba cha machungwa ya Kwale, yale ya ganda la kijani ambayo watu wa bara huyadhania mabichi mpaka wayaonje, nikalala Nairobi, na asubuhi nikatafuta matatu ya Embu pale Tea Room.

Abiria wa pembeni yangu aliposikia Kiswahili changu aligeuka. "Mzee, wewe ni wa Pwani? Nyinyi ndio mnatukatalia muguka wetu?" Gari zima likacheka. Nikamwambia mimi ni mtu wa hesabu, siasa za majani waulizwe magavana. Tukawa marafiki mpaka Ngurubani, Mwea, ambako alishuka kununua mchele. Hapo nilimwonea wivu mwalimu yeyote wa koni: kando ya barabara mpunga ulikuwa umeanikwa juu ya maturubai, na ulipokusanywa ukajiunda wenyewe koni safi, mteremko ule ule kila upande, bila bikari wala rula.

Baridi ya Juni ilinipokea Embu. Akina mama kituoni walikuwa wamewavisha watoto kofia za sufu na kuwafunga mablanketi mawili, matatu, wao wenyewe wakiwa na sweta moja tu. Jioni, nikiota moto jikoni kwa mama yake mwenyeji wangu, nilimweleza yule mama kwamba hesabu inamuunga mkono kila anayemfunika mtoto hivyo. Joto hutoka kupitia ngozi lakini hutengenezwa na mwili mzima, na mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na ujazo wake. Sisi Pwani tunalijua jambo hili kwa kaimati. Donge moja kubwa la unga ukiligawa madonge manane yanayolingana, kila moja lina nusu ya kipenyo cha lile kubwa na robo ya uso wake. Manane mara robo ni mbili: unga ni ule ule, lakini shira inayogandia nje ni maradufu. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea githeri, akasema kwa upole, "Sasa mwalimu, na wewe jifunike."

Darasa lilikuwa na wanafunzi karibu hamsini, sweta za kijani, madirisha yanayotazama mashamba ya kahawa. Mwenyeji wangu hakuandika kanuni ubaoni. Aliuliza nani anaijua. Mvulana mmoja akasimama na kuzimwaga zote mbili: eneo la uso ni nne pai r mraba, ujazo ni nne juu ya tatu pai r mchemraba. Alikuwa amezipata kwenye daftari la kaka yake. "Vizuri. Hiyo nne inatoka wapi?" Kimya. Yule mvulana akatazama dari, akajibu kwa unyoofu uliowafanya wenzake wacheke: "Inatoka kwa kitabu, Mwalimu."

Hapo ndipo machungwa yakagawiwa, moja kwa kila kundi. Walilikata kiunoni, katikati kabisa, wakaubandika upande wa bapa kwenye karatasi na kuchora mviringo wake kwa penseli. Wakachora miduara mitano iliyolingana, ingawa hawakuambiwa mingapi itatosha. Kisha wakamenya nusu zote mbili, wakayachana maganda vipande vidogo vya ukubwa wa ukucha, na kuanza kujaza mduara mmoja baada ya mwingine, vipande vikikaa ubavu kwa ubavu, bila kupandana.

Nilisimama nyuma ya msichana mmoja wa dawati la mbele ambaye kundi lake lilimwachia kazi ya kupanga. Alikuwa akikibonyeza kila kipande kwa kidole gumba, na kila akikiachia, pembe zake zinanyanyuka tena. Akakichana mara mbili, kikatulia kidogo. Akazichana hizo nusu. Mafuta ya ganda yalimrukia jichoni akafuta kwa mkono wa sweta, akaendelea. Mduara wa kwanza ukajaa, wa pili, wa tatu. Wa nne ulipofika ukingoni alikuwa amebaki na vipande vitatu mkononi, na nafasi ilikuwa ya vipande vitatu. Akaugeukia mduara wa tano uliokuwa mtupu, akauwekea alama ya kosa.

Si kila kundi lilifika pale sawasawa. Moja liliishia mitatu na nusu, jingine likamwaga kidogo kwenye wa tano. Mwenyeji wangu aliwaacha wabishane. Waliomwaga walikuwa wameacha mapengo mapana. Waliopungukiwa walikuwa wamelaza maganda yakipandana. Nikapenda kwamba hakuna aliyepewa jibu: walikaguana wenyewe, na nne ikabaki imesimama katikati ya makosa ya pande zote mbili. Chungwa la kundi la nyuma lilikuwa na kipenyo cha sentimita 7, kana kwamba liliota kwa ajili ya 22/7: mduara mmoja sentimita za mraba 38.5, minne 154.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kusahihisha, niliomba dakika moja. Nikainua nusu chungwa na kuuliza: hii, kama ni kitu kizima, uso wake wote ni miduara mingapi? Miwili, wakajibu kwa pamoja. Nikaligeuza wakauona upande wa bapa. Mmoja akanong'ona, "Mitatu." Huo mduara wa tatu huwapotezea watahiniwa alama kila mwaka, pamoja na kosa la pili la kutumia kipenyo mahali pa nusu kipenyo, ambalo hulifanya eneo liwe mara nne na ujazo mara nane, na mtahiniwa asishtuke kwamba mpira wake umekuwa na ukubwa wa pipa.

Yale maganda yaliyokataa kulala yalikuwa na jambo lao. Ukutani palikuwa na ramani ya dunia, ile inayofuata mpango wa Mercator wa mwaka 1569. Mwenyeji wangu alimwita yule msichana wa mbele aielezee. Akaitazama kwa muda, akasema, "Hawa hawakuchana." Hasa. Uso wa tufe haulali bapa bila kuchanika au kuvutwa, na Mercator aliuvuta, zaidi kadiri unavyokaribia ncha za dunia. Ndiyo maana Greenland humo hukaribia kulingana na Afrika, ilhali Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 na Greenland milioni 2 na kidogo. Miezi miwili baadaye, Agosti 2025, Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ramani hiyo. Niliposoma habari ile nilikumbuka kidole gumba kilicholowa mafuta ya chungwa.

Kipindi cha pili kilikuwa cha ujazo. Mpira wa plastiki ulikatwa nusu ukawa bakuli. Kwa karatasi ya manila walikunja koni ambayo mdomo wake ulilingana na mdomo wa bakuli lile, na kimo chake kililingana na nusu kipenyo. Ndengu za Mbeere zilikuja ndani ya gorogoro. Swali likawa: koni ngapi zitajaza bakuli? Walipiga kura kwa mikono. Wengi sana walisema tatu, kwa sababu wiki iliyopita walijifunza kwamba koni tatu hujaza silinda. Wachache wakasema nne, kwa kuwa nne ilikuwa imeshawakaa kichwani. Wawili tu walisema mbili.

Zilikuwa mbili. Ya pili ilipomiminwa ndengu zilisawazika na ukingo, chache zikabingirika chini ya madawati, na darasa likapiga kelele hadi mwalimu wa jirani akachungulia dirishani. Kijana mmoja hakushangilia. "Mwalimu, kati ya ndengu kuna nafasi. Hatujajaza kwa kweli." Nilitamani kumpa mkono. Mwenyeji wangu akamrudishia swali: nafasi hizo ziko kwenye bakuli tu, au na kwenye koni pia? Akafikiri, akakaa. Nafasi ziko kote kwa kiasi kile kile, na kinacholinganishwa ni kimoja kwa kingine.

Koni moja, nusutufe mbili, silinda tatu. Ikiwa koni ni theluthi ya pai r mchemraba, nusutufe ni theluthi mbili, na tufe zima ni theluthi nne. Ndiyo hiyo nne juu ya tatu iliyokuwa inatoka kwa kitabu. Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, aliuthamini ugunduzi huu kuliko mashine zake zote za vita, akataka tufe ndani ya silinda lichorwe kwenye kaburi lake. Cicero alilikuta kaburi hilo limezingirwa na vichaka mwaka 75 kabla ya Kristo, akalitambua kwa alama hiyo. Tufe ni theluthi mbili ya silinda inayolibana, kwa ujazo na kwa uso pia, ukihesabu vifuniko vyake viwili.

Wenye hamu waliobaki baada ya kengele walipewa njia nyingine, ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote. Ulifikirie tufe limejaa piramidi nyembamba zisizohesabika, vilele vyote vimekutana kwenye kitovu, vitako vyote viko usoni. Ujazo wa kila piramidi ni theluthi ya kitako mara kimo, na kimo cha zote ni nusu kipenyo. Zijumlishe: theluthi ya uso wote mara nusu kipenyo. Anayeijua nne ya maganda hahitaji kukariri nne juu ya tatu, anaitoa mwenyewe.

Katika hao waliobaki alikuwamo mvulana wa "inatoka kwa kitabu." Alitoa makadamia kadhaa mfukoni, akaziweka mezani. Kwao wana miti ya makadamia, na broka anayepita kununua alikuwa amelalamika kwamba njugu zao ni ndogo. "Lakini Mwalimu, ukiziangalia na za jirani, ni kama sawa tu."

Mmakadamia ni mgeni Kenya, asili yake Australia, uliletwa katika miaka ya 1940. Leo Embu na Meru huwezi kutembea kijijini usipite chini yake. Kokwa yake ni duara kuliko chungwa. Tulichukua vernia ya maabara ya fizikia tukapima: ganda kwa nje, kipenyo cha sentimita 2.5. Kuivunja ndiyo ilikuwa kazi, kwa maana ganda lile ni gumu kushinda meno na subira ya mtu. Mawe mawili yalitupondea viini kadhaa kabla ya kimoja kutoka kizima, cheupe, sentimita 1.8.

Yule kijana akagawanya. Kipenyo cha kiini ni asilimia 72 ya kipenyo cha kokwa, akaridhika: ganda ni dogo. Mwenyeji wangu akamwambia arudie kwa ujazo. 0.72 mara 0.72 mara 0.72, ni 0.37. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Zaidi ya sita katika kumi ya kokwa ile ilikuwa si kiini. Kisha yeye mwenyewe, bila kuambiwa, akauliza kiini cha jirani kikiwa sentimita 2 kamili itakuwaje. Milimita mbili zaidi. Akapata kwamba cha jirani kinazidi cha kwao kwa asilimia 37. Akazitazama zile njugu zilizobaki kama mtu aliyeibiwa. Jicho hupima upana, na broka hulipwa kwa kilichomo ndani. Kati ya hivyo viwili pana mchemraba mzima, na sidhani kama kuna mahali pengine katika silabasi yote ya Kidato cha Pili ambapo hesabu inagusa pesa ya mzazi kwa karibu namna hiyo. Ndiyo maana kulifundisha tufe mbio naliona dhuluma.

Asubuhi iliyofuata mlima ulijitokeza. Nilikuwa nimeambiwa niamke kabla ya mawingu, nikaamka, na kule juu ya mashamba vilele vilikuwa vimesimama vyeusi na vyenye meno. Batian, mita 5,199. Mtu wa Pwani, ambaye kwake mlima ni Shimba Hills, lazima asimame. Hata hivyo mkono ukaenda kwenye kalamu. Dunia ina nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Uipunguze iwe chungwa la sentimita 7, na mlima huo wote, na barafu yake na wapandaji wake, utakuwa na kimo cha kama milimita 0.03, mwembamba kuliko unywele. Ganda la chungwa lina vishimo vinavyouzidi mbali. Nilimwonyesha mwenyeji wangu hesabu hiyo. Akasema wazee wa Embu wasisikie.

Kutoka Embu niliendelea hadi Meru. Njia yake inapanda na kushuka kila mto unapopita. Thuci, ndiyo mpaka, unaingia Tharaka Nithi. Chuka yenye chuo kikuu chake. Halafu mteremko wa daraja la Nithi, ambako gari lilinyamaza. Mimi nilinyamaza pia. Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia pale, watu zaidi ya 30 wakafa, na huko kwetu misiba yake tuliizika.

Baada ya Nkubu, kabla hujafika Meru mjini, kuna bango la Ikweta. Nilimwomba dereva asimame. Akakubali kwa masharti ya dakika mbili, abiria wakivumilia. Nanyuki, upande wa pili wa mlima, watalii huonyeshwa maji yakizunguka kulia hatua chache kaskazini ya mstari na kushoto hatua chache kusini. Ni mkono wa mmiminaji ndio unaoyazungusha. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuonekana ndani ya beseni. Lililo kweli hapo ni kubwa zaidi na halionyeshwi kwa beseni. Mstari ule ndio kiuno cha chungwa, pale penye kisu, mzingo wa kilomita 40,075, na anayesimama juu yake anabebwa kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kila saa. Chukua mduara wake, uutie mara nne, unapata uso wote wa dunia, bahari na nchi kavu: kilomita za mraba milioni 510. Dereva akapiga honi.

Soko la Gakoromone nililiingia mchana. Matikiti yalikuwa yamepangwa chini kwa mafungu, yaliyoletwa na lori kutoka Tharaka. Nilichagua mawili kwa macho, moja dogo na moja kubwa kiasi, nikayapima kwa uzi niliokuwa nao mfukoni, mama muuzaji akinitazama kwa shaka. Dogo lilikuwa na kipenyo cha sentimita 20, kubwa 25.

"Dogo ni mia na ishirini," akasema.

"Na hili kubwa, mama?"

"Hilo haliuzwi zima."

Nikaanza kumweleza kwamba kubwa, ingawa linazidi kwa robo tu ya upana, lina karibu maradufu ya nyama. Akanikata kalima kwa kicheko. Kwenye lori, akasema, dogo wananunua shilingi themanini na kubwa mia na thelathini, na ndiyo sababu yeye huamka saa kumi za usiku ili afike wakati makubwa hayajaisha. Dogo hulikata vipande kumi, kubwa ishirini, kila kimoja shilingi ishirini. "Nyinyi wa Mombasa mnapima na kamba. Mimi nina watoto wanasoma."

Nilinunua vipande viwili, nikakaa kwenye kreti na kumwandikia mwenyeji wangu ujumbe: Muuzaji hununua tikiti la kipenyo cha sm 20 kwa sh. 80 na la sm 25 kwa sh. 130. Kwa kuchukulia kwamba matikiti ni matufe, onyesha ni lipi linalompa faida kubwa kwa kila shilingi aliyotoa. Chukua pai kuwa 22/7.

Jibu lilikuja kabla sijamaliza kipande cha pili. "Mwalimu, pai ya nini hapo? Inajikata yenyewe. Na ni alama ngapi?"

Nikamwandikia: tatu.